Kiungulia na Mlango wa Tumbo: Historia Fupi kwa Watu wa Ziwani



Mhariri aliponiomba makala ya historia, bila shaka alitazamia niandike juu ya reli iliyofika Kigoma mwaka wa 1914, au juu ya meli yetu ya Liemba, iliyozamishwa mwaka wa 1916, ikaibuliwa mwaka wa 1924 na kurudi kazini mwaka wa 1927. Mambo hayo yamekwisha andikwa mara nyingi. Mimi nimechagua historia ya jambo linalotukutanisha wengi wetu tuliovuka miaka arobaini, nalo ni kiungulia. Kila tunapokutana kwa sherehe zetu, baada ya ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga kwa mawese, huonekana mwenzetu akipapasa mfukoni kutafuta kidonge. Tunacheka, lakini ndani ya jambo hilo la kuchekesha mna somo kubwa, na kwa baadhi yetu limekuwa suala la kufa na kupona.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nilisoma historia pale Mlimani, na tangu hapo nimekuwa mtumishi wa serikali. Ninachoweza kuwaletea ni habari za jinsi binadamu walivyokiendea kiungulia hatua kwa hatua, ili kila mmoja apime mwenyewe yale anayoambiwa leo.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Chakula tukimezacho hupita katika bomba la nyama liitwalo umio. Hushuka kifuani, hupenya tundu la kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, kisha huingia katika mfuko wa tumbo. Pale umio unapokutana na mfuko pana msuli wa duara, ambao kwa lugha nyepesi nitauita mlango wa tumbo. Hufunguka tunapomeza, hujifunga tukiisha meza. Ndani ya mfuko mna tindikali ya kusagia chakula. Mfuko wenyewe una utando wa kujikinga. Umio hauna kinga ya namna hiyo. Mlango ukilegea, au sehemu ya mfuko ikipanda juu kupitia tundu la kiwambo, hali iitwayo ngiri ya kiwambo, tindikali hupanda na kuunguza. Hicho ndicho kiungulia. Kikija siku ya arusi si neno. Kikija kila juma kwa miezi na miaka, ni maradhi. Kinaweza kutia vidonda katika umio, kuacha makovu yanayoubana, na kwa watu wachache kufungua njia ya saratani.

Wazee wetu walikijua vizuri. Walitafuna kipande cha magadi, nayo magadi kweli huua ukali wa tindikali kwa muda. Mama zetu wajawazito walikula udongo, ule unaouzwa sokoni mpaka leo na ambao wengine huuita pemba. Udongo ulituliza wengine, lakini uliweza pia kuleta minyoo na kupunguza damu. Dawa hizo zote zilikuwa na kasoro moja: hakuna aliyeweza kuona kinachotendeka ndani.

Kasoro hiyo haikuwa ya wazee wetu peke yao. Mtazameni David Livingstone, ambaye mnara wake pale Ujiji tumekwenda kuutazama tangu tukiwa wadogo. Alikuwa daktari aliyepata hati yake Glasgow mwaka wa 1840. Mnamo Januari 1867 wapagazi waliotoroka walikwenda na sanduku lake la dawa. Meno yake yalilegea kwa kutafuna mahindi magumu. Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871 mali yake ilikuwa imekwisha uzwa, naye alikuwa amedhoofika kwa maradhi ya matumbo. Hayakuwa maradhi ya kiungulia, lakini yanatuonyesha hali ya wakati ule: daktari mwenyewe alikuwa na tumbo linalotoa damu, na hakuwa na njia yoyote ya kujua damu inatoka wapi. Alifariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Mwili wake ulipasuliwa ili ukaushwe na kusafirishwa, na aliyeupasua alikuwa Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Unguja. Ndipo watu walipoona donge la damu lililokuwa limeganda tumboni mwake. Kwa watu wa enzi ile, kuona ndani ya tumbo kulikuja baada ya kifo.

Hata hivyo, mwaka wa 1868, wakati Livingstone akizunguka karibu na ziwa Bangweulu, katika mji wa Freiburg huko Ujerumani daktari Adolf Kussmaul alifanya jambo la ajabu. Alimwita mtu wa mazingaombwe aliyezoea kumeza panga mbele ya watazamaji, akampitishia bomba nyofu la chuma kinywani hadi tumboni. Bomba lilipita, lakini mwanga wa taa ya siku zile haukutosha, na Kussmaul hakuona jambo la maana. Ikapita zaidi ya miaka sitini. Mwaka wa 1932 Rudolf Schindler, naye Mjerumani, alitengeneza bomba lililoweza kupinda kidogo upande wa mbele. Kisha mwaka wa 1957, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitumia nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Alijimezesha mpira huo yeye mwenyewe kwanza, ndipo akaupitisha kwa mgonjwa. Katika miaka ya 1980 ikaongezwa kamera ndogo penye ncha, na picha ikaonekana kwenye kioo kama cha televisheni. Hiyo ndiyo endoskopi, ambayo watu wetu huiita kumeza mpira au kumeza kamera. Wavuvi wetu wa dagaa hawana haja ya kuelezwa faida yake. Wanajua kwamba pasipo taa, kutupa wavu usiku ni kubahatisha.

Wakati hao wakitafuta namna ya kuona, wengine walikuwa wakitafuta namna ya kutengeneza. Mwaka wa 1935 Asher Winkelstein wa New York aliandika kwamba uvimbe wa umio huenda unaletwa na tindikali inayopanda kutoka tumboni. Mwaka wa 1951 mpasuaji Philip Allison wa Uingereza alieleza uhusiano wa ngiri ya kiwambo na kiungulia, akabuni upasuaji wa kuirudisha ngiri mahali pake. Upasuaji huo ulisifiwa sana. Lakini Allison hakuridhika na sifa. Aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka ishirini, na mwaka wa 1973 akatangaza mwenyewe kwamba kwa sehemu kubwa yao maradhi yalikuwa yamerudi. Vijana, kumbukeni jina hilo. Si wengi wanaokubali kuhesabu kazi yao wenyewe baada ya miaka ishirini na kusema hadharani kwamba haikusimama.

Upasuaji uliosimama ulitokana na Rudolf Nissen. Mwaka wa 1933 alikimbia utawala wa Hitler, kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi, akapata kazi Istanbul. Huko, mwaka wa 1936, alimpasua kijana mwenye kidonda sehemu ya chini ya umio. Ili kulinda mshono, alilizungushia umio lile sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo kama mtu anavyojifunga shali shingoni. Miaka mingi baadaye alipata habari kwamba kiungulia cha kijana yule kilikuwa kimekoma. Mwaka wa 1955, akiwa Basel, Uswisi, aliufanya upasuaji huo kwa makusudi ya kutibu kiungulia, na mwaka wa 1956 akauandika. Tangu mwaka wa 1991 umekuwa ukifanywa pia kwa matundu madogo bila kupasua tumbo lote. Mpaka leo hiyo ndiyo fimbo ya kupimia matengenezo mengine yote ya mlango wa tumbo.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake katika historia hii. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, ni maarufu kwa uvimbe wa taya za watoto uliopewa jina lake. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu majuma kumi, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi kusini, wakiuliza hospitali moja moja. Katika miaka ya 1970 Burkitt alisema kwamba ngiri ya kiwambo ni adimu sana kwa Waafrika wa vijijini, na kwamba sababu ni vyakula vyetu visivyokobolewa. Watu wa Ulaya, alisema, hula vyakula laini, hukosa choo, hujikamua, na mkamuo huo husukuma mfuko wa tumbo juu.

Hoja hiyo ilitupa fahari, na upande mmoja ilikuwa na maana, kwa sababu unene na mabadiliko ya chakula vimekuja kuthibitika kuwa na uhusiano na kiungulia. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: hospitali hizo zilikuwa na vyombo gani vya kuonea? Nyingi zilikuwa na mashine hafifu za eksirei au hazikuwa nayo kabisa, na wagonjwa waliotembea siku mbili hawakuja kwa ajili ya kiungulia. Kutoonekana si kutokuwapo. Na leo hata sisi wa Kigoma hatuli kama babu zetu. Tunakaa ofisini mchana kutwa, tunakula saa nne usiku, tunalala saa nne na nusu.

Sasa tufike kwenye vidonge. Mwaka wa 1976 ilianza kuuzwa simetidini, dawa ya kwanza ya aina yake iliyopunguza tindikali pale inapotengenezwa, badala ya kuiua baada ya kutoka kama magadi yafanyavyo. James Black, aliyeongoza ugunduzi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Mwaka huo huo ikaingia sokoni omeprazoli, iliyobuniwa Sweden mwaka wa 1979, yenye nguvu zaidi. Leo omeprazoli iko katika maduka ya dawa mpaka vijijini, nayo imewaponya wengi. Tabia yake moja yafaa ijulikane: hupunguza tindikali, lakini haifungi mlango. Maji ya tumboni yanaweza kuendelea kupanda, ila hayachomi. Kwa hiyo wako watu ambao moto umezimika na bado chakula kinawarudi kooni wakiinama.

Kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili ya wasiotaka kisu wala vidonge vya maisha, mafundi walifikiri: ikiwa mpira wa endoskopi unaufikia mlango, kwa nini usiutengeneze huko huko? Mwaka wa 2000 Marekani iliruhusu njia mbili. Moja iliitwa Stretta, inayotumia joto la mawimbi ya redio katika msuli wa mlango. Ya pili, EndoCinch, ilishona mikunjo kwa uzi kama cherehani ndogo. Nyuzi nyingi zikafunguka baada ya miezi. Mwaka wa 2003 ikaruhusiwa Enteryx, maji yanayodungwa katika msuli na kuganda kama mpira. Baadhi ya wagonjwa walidhurika vibaya, hata kifo kikatokea, kwa sababu maji yale yalipenya nje ya umio. Mwezi Septemba 2005 kampuni iliyoitengeneza iliiondoa sokoni. Ilikuwa imedumu muda wa miaka miwili na kitu.

Mwaka wa 2007 ikaruhusiwa EsophyX, inayokunja sehemu ya juu ya mfuko na kuikaza kwa vifungo, kwa kuiga kazi ya Nissen kutoka ndani. Na mwaka wa 2014 Mjapani Haruhiro Inoue aliandika juu ya njia ya kukwangua utando wa ndani karibu na mlango, ili kovu likipona liuvute na kuubana.

Habari hizi zilinifikia kwa njia ya shemeji yangu aliyeko Muskati. Alijua ninavyoteseka, akaniandikia kwamba nchi za nje siku hizi wanaziba mlango wa tumbo kupitia kinywani bila kisu, na akanishauri niuze kiwanja changu cha Mwanga nisafiri. Sikumpuuza, maana alinena kwa upendo. Ila nilijiuliza maswali mawili niliyofundishwa chuoni: nani alihesabu, na alihesabu kwa muda gani?

Kwa EsophyX jibu lipo. Mwaka wa 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa watu ambao chakula kiliendelea kuwarudi ingawa walitumia vidonge. Wagonjwa 87 walitengenezwa mlango, kisha wakapewa vidonge vya bandia. Wengine 42 walilazwa na kupitishiwa mpira bila kutengenezwa kitu, kisha wakapewa omeprazoli ya kweli. Baada ya miezi sita, tatizo lilikuwa limekoma kwa asilimia 67 ya wale wa kwanza, na kwa asilimia 45 ya wale wa pili. Basi njia hiyo inafanya kazi, lakini si kwa kila mtu, na nusu kasoro ya wenzao walipata nafuu bila kukunjwa chochote. Mwaka wa 2022 jumuiya ya madaktari wa njia ya chakula ya Marekani ilitoa mwongozo: njia hiyo yaweza kufikiriwa kwa asiyetaka upasuaji, mradi umio wake haukuharibika vibaya na ngiri yake haizidi sentimita mbili. Stretta hawakuipendekeza kushika nafasi ya dawa au upasuaji.

Ukiwauliza mafundi wa mitumbwi pale Kibirizi, watakuambia kwamba kalafati haipimwi siku ya kushusha chombo majini. Hupimwa baada ya masika mawili matatu. Kwa kipimo hicho, mimi nilianza na hatua ya kwanza, ambayo haikuhitaji kuuza kiwanja. Nilipata barua ya rufaa, nikapanda treni hadi Tabora, nikaunganisha hadi Mwanza, nikamezeshwa mpira. Kazi yenyewe haikufika dakika kumi na tano. Sitasema ni starehe, lakini si mateso kama yanavyosimuliwa. Nilionekana nina uvimbe mdogo wa umio na mlango uliolegea kidogo. Nilipewa vidonge kwa muda maalumu, nikaagizwa nile mapema, nipunguze uzito, na niinue kichwani pa kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu yake. Nimefanya hivyo, na usiku wangu umetulia. Kiwanja bado kipo, na shemeji nimemwandikia kumshukuru.

Si wote waliokuwa na bahati hiyo. Mwenzetu mmoja, niliyelala naye bweni moja hadi tulipomaliza kidato cha nne mwaka wa 1998, alianza kusema kwamba nyama inamkwama kifuani. Alinunua vidonge vya kiungulia. Baadaye ikakwama hata ndizi, kisha hata uji, naye akaendelea na vidonge zaidi ya mwaka, huku akikonda. Alipomulikwa, saratani ilikuwa imekwisha ziba umio. Madaktari walimwekea kwa endoskopi bomba la waya la kuupanua, akaweza kunywa uji na kukaa mezani na watoto wake miezi michache, kisha tukamzika.

Huenda saratani yake haikuletwa na kiungulia. Saratani ya umio iliyo nyingi Afrika Mashariki ni ya aina nyingine, inayohusishwa na tumbaku, pombe kali na vinywaji vya moto mno. Mwaka wa 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba vinywaji vyenye joto linalopita nyuzi 65 huenda vinachangia. Lakini ndiyo maana nimeandika makala haya. Magonjwa mawili tofauti yaliitwa jina moja, yakapewa kidonge kimoja, kwa sababu hakuna aliyetazama.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, endoskopi ambayo watu wa mwambao wa Tanganyika tunaihitaji kwanza si ile ya kukunja na kubana milango iliyolegea. Ni ile ya kuona mapema. Kisha ni ile ya kutanua umio uliobanwa na makovu, ya kuweka bomba kwa mwenye saratani, kama hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, ilivyowafanyia mamia ya wagonjwa, na ya kufunga mishipa inayovuja damu kwa walioharibiwa ini na kichocho cha ziwani. Kazi hizo zinahitaji chombo kinachotunzwa na watu waliofunzwa. Sisi tulioko katika ofisi za umma, tunapopanga bajeti za mikoa na wilaya, tulikumbuke jambo hilo.

Kwenu vijana, ombi langu ni dogo. Mkirudi likizo, waambieni wazazi wenu na jirani zenu. Kiungulia cha mara moja moja kinatibika nyumbani. Lakini mtu ambaye chakula kinamkwama, anayekonda bila sababu, anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, au aliyemeza vidonge kwa miezi bila nafuu, asiendelee kununua dukani. Aende hospitali aulize habari za kumulikwa. Na anayebanwa kifua kwa maumivu yanayoenda mkononi au taya asidhani ni kiungulia. Huenda ni moyo, naye akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na yule miongoni mwenu anayependa baiolojia na fizikia asome kwa bidii. Nyuzi za kioo zilizompa Hirschowitz macho mwaka wa 1957 ni fizikia ya mwanga ile ile iliyomo katika vitabu vyenu. Tunamngoja mtoto wa ziwa hili, aliyesoma katika madarasa haya, arudi na chombo hicho mkononi.